Kamera Mbili, Amri Moja

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, katika nyika za kaskazini mwa nchi yetu ya Tanzania, simba alijipiga picha mwenyewe usiku wa manane. Hakujua, wala hakukusudia. Mbele yake palikuwa na chambo, na kando ya chambo palitegwa uzi. Alipougusa tu, uzi ukavutika, jicho la kamera likafunguka, na unga wa magnesi ukalipuka kwa mwanga mweupe. Kufumba na kufumbua giza likarudi na simba akatoweka, lakini sura yake ilikuwa imekwisha kunaswa kwenye sahani ya kioo.

Mwenye kamera aliitwa Carl Georg Schillings, Mjerumani aliyezunguka huku enzi za ukoloni wa nchi yake. Mwaka 1905 alichapisha kitabu cha picha hizo, na Ulaya nzima ikazizungumzia. Vioo, dawa na mitambo yote ilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi Waafrika, na ni haki wakumbukwe kila jina la Schillings linapotajwa.

Kinachonivutia mimi katika habari hii si simba, ni ule uzi. Fikirini shida aliyokuwa nayo mtu yule. Akikaa karibu na kamera, mnyama haji. Akikaa mbali, hakuna wa kuiambia kamera "sasa!" Uzi ulimfanya awe mbali na bado awepo.

Wajukuu wa ule uzi wako hai hadi leo, tena hapahapa Tanzania. Katika milima ya Udzungwa watafiti hufunga kamera kwenye miti na kuziacha peke yake msituni. Hazina uzi tena. Zina kijicho kinachohisi joto la mwili linaposogea, na joto likipita, kamera inapiga. Mwaka 2005, kamera za mtafiti Francesco Rovero katika msitu wa Ndundulu zilinasa sange mwenye uso wa kijivu ambaye wanasayansi hawakuwahi kumwandika popote. Mwaka 2008 akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya, Rhynchocyon udzungwensis, mnyama wa gramu 700 hivi mwenye pua ndefu inayochezacheza. Hapakuwa na binadamu nyuma ya kamera siku ile sange alipopita.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapogeukia jambo nililowaitia. Kitabu hakitembei. Hakina joto la mwili. Hakitakuja chenyewe kugusa uzi. Ukitaka kupiga picha kurasa zote za kitabu, moja baada ya nyingine, ni lazima mtu atoe amri kila ukurasa unapofunguliwa, na mtu huyo tayari mikono yake yote miwili ina kazi. Atawezaje?

Naliuliza swali hili nikiwafikiria ninyi watoto wa Usevya. Usevya iko Mpimbwe, mkoani Katavi, upande wa kusini wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Anayetoka huku kwenda Mpanda kwa gari hukatiza hifadhi yenyewe hadi atokee Sitalike. Mbali hivyo na maktaba kubwa, karatasi huishi maisha magumu. Mchwa wanaitaka, panya wanaitaka, na bati likitoboka masika yanaimaliza. Lakini katika masanduku ya wazee mnaweza kukuta mambo ambayo hayapo kwingine kokote: daftari la ukoo lenye majina ya mababu, kumbukumbu za vikao vya kijiji, maneno ya Kipimbwe aliyoyaandika mtu kwa kalamu ya risasi, au vile vijitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Nakala moja ikiliwa, imekwenda.

Msidhani hilo ni tatizo la vijijini tu. Tarehe 18 Aprili 2021, moto ulishuka kutoka mlimani ukaingia Chuo Kikuu cha Cape Town na kuunguza ukumbi wa Maktaba ya Jagger, uliokuwa umejaa vitabu kuhusu Afrika yetu. Vitu vilivyokuwa vimepigwa picha za kidijitali kabla ya siku ile vilibaki kusomeka. Chuo kikubwa chenye wazima moto, na bado kurasa nyingi zisizo na nakala zilikuwa majivu kufikia jioni.

Mtasema: si tupeleke daftari steshenari likawekwe kwenye skana? Jaribuni na daftari kuukuu muone. Ile skana ya bapa inataka kitabu kilazwe kifudifudi na kukandamizwa mgongoni. Gundi ya mgongo ikishazeeka inakatika, kurasa zinatoka mkononi. Kitabu cha zamani kinataka kufunguliwa nusu tu, kikae kwenye kilalio chenye umbo la V, ukurasa mmoja umeegemea kushoto na mwingine kulia, kila mmoja ukitazamwa na kamera yake kutoka upande wa pili. Juu ya kurasa hushushwa vioo viwili vilivyounganishwa kwa umbo lilelile, vinazinyoosha bila kuziumiza.

Mwaka 2009 kijana mmoja wa Marekani, Daniel Reetz, aliyekuwa akisoma North Dakota, alichoshwa na bei ya vitabu vya kiada. Akapiga hesabu akaona kamera mbili ndogo ni nafuu kuliko vitabu alivyotakiwa kununua. Akaokota mbao na vipande vya plastiki jalalani, akanunua kamera mbili za Canon za bei ya chini, akaunda skana ya vitabu kwa dola 300 hivi. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko mashine yenyewe: aliandika maelezo yote, hatua kwa hatua, akayatoa bure kwa yeyote. Watu wa nchi nyingi wakaunda za kwao, kila mmoja kwa mbao na skrubu alizozipata mtaani kwake.

Mbao si kazi. Fundi yeyote wa kutengeneza madawati anaweza kuichonga V ile. Kazi ni amri.

Kwa nini usibonyeze kamera kwa kidole tu? Tufanye hesabu. Chukueni kamera ya megapikseli 8, ambayo picha yake ina pikseli 3,264 kwa urefu. Ukurasa una urefu wa sentimeta 25, yaani milimita 250. Gawanyeni, mtapata pikseli 13 kwa kila milimita. Mstari wa herufi ndogo za kitabu una unene wa theluthi moja ya milimita hivi, kwa hiyo unapata pikseli nne tu za kujichora. Sasa kidole kinabonyeza, kamera inatikisika, na taswira inateleza robo milimita wakati jicho la kamera lingali wazi. Robo milimita ni pikseli tatu. Mstari wa pikseli nne umepakwa ukungu wa pikseli tatu! Herufi "e" inakuwa "o", "3" inakuwa "8", na mwaka aliozaliwa bibi wa mtu unapotea. Na kila kidole kinapogusa kamera, kinaisogeza kidogo, hivyo ukurasa wa 150 hautakuwa mahali pale ulipokuwa ukurasa wa 1.

Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni mikono. Mkono mmoja unainua kioo, mwingine unafungua ukurasa, halafu kioo kinashuka na kushikwa. Fundi cherehani naye mikono yake imeshika kitambaa, kwa hiyo mashine huiamuru kwa mguu, na wenye skana nao wamejifunza hivyohivyo. Taasisi ya Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, imepiga picha mamilioni ya vitabu kwa mashine ambayo mguu ndio unaoinua na kushusha kioo. Kurasa bado zinafunguliwa na binadamu, kwa sababu vidole vya binadamu vinajua karatasi dhaifu kuliko mtambo wowote.

Basi amri ipitie wapi?

Njia ya kwanza mnaijua tangu mkiwa wadogo, kwa sababu iko kwenye baiskeli. Mkono wa breki unavuta waya uliomo ndani ya ganda lake, na nguvu ya kiganja inafika kwenye gurudumu bila kupungua sana, hata waya ukiwa umepinda. Ufungeni mkono wa breki kwenye skana yenu, na upande wa pili wa waya ufungwe kijiti kifupi kinachokaa juu ya kitufe cha kamera. Mkiminya breki, kijiti kinashuka na kubonyeza. Mkitaka kamera mbili, waya mbili zitoke kwenye mkono mmoja, na skrubu za kukazia waya, zilezile anazozungusha fundi breki ikilegea, ndizo zitakazowawezesha kusawazisha ili vijiti vishuke kwa pamoja. Haihitaji umeme. Haichagui aina ya kamera. Kasoro yake ni kwamba bado kuna kitu kinachogusa kamera, kwa hiyo kamera ifungwe barabara kwenye ubao wake, isiweze kucheza.

Njia ya pili ni ya umeme, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa sababu imezaliwa na udadisi. Zile kamera ndogo za Canon hazikuwa na tundu la waya wa kubonyezea. Zilikuwa na tundu la USB tu, la kuhamishia picha kwenye kompyuta. Sasa, kamera inajuaje kwamba imeunganishwa na kompyuta? Inahisi volti 5 zikifika kwenye tundu. Wapenzi wa kamera wakaandika programu iitwayo CHDK, inayokaa kwenye kadi ya kumbukumbu bila kuibadilisha kamera moja kwa moja. Ukitoa kadi, kamera inarudi kuwa ya kawaida. Programu hiyo inaiambia kamera: volti zikifika, usidhani ni kompyuta. Jiandae, pima mwanga, tafuta umakini wa lenzi. Na volti zikiondoka, piga.

Oneni uzuri wake. Amri imekuwa kuwepo na kutokuwepo kwa umeme, basi. Betri tatu za tochi, zile ambazo wazee huziita mawe, zina volti moja na nusu kila moja, jumla nne na nusu, na zinatosha. Waya wa USB una nyuzi nne ndani yake: nyekundu na nyeusi hubeba umeme, nyeupe na kijani hubeba taarifa. Mnatumia nyekundu na nyeusi peke yake, zikipitia swichi ya kubonyeza. Waya wa kamera ya kushoto na wa kamera ya kulia zote zitoke kwenye swichi hiyohiyo moja. Mkibonyeza, kamera mbili zinajiandaa. Mkiachia, mnasikia mlio mmoja, kwa sababu zote mbili zimepata habari kwa wakati mmoja. Swichi iwekeni sakafuni chini ya kibao chenye springi, mguu uifanyie kazi.

Lakini hapa nawaonya kwa sauti kubwa. Msiweke betri ya nne, maana hizo ni volti 6 na zinaweza kuunguza kamera. Msiguse kabisa umeme wa ukutani. Na msiamini rangi za nyaya za bei rahisi kabla fundi redio hajazipima kwa mita yake, kwa sababu viwanda vingine havifuati rangi, na chanya ikiingia mahali pa hasi kamera inaweza kufa palepale.

Njia ya tatu iko mfukoni mwa kaka au shangazi yenu. Simu nyingi, programu ya kamera ikiwa imefunguliwa, hupiga picha ukibonyeza kitufe cha kuongeza sauti. Na kitufe hicho kipo pia kwenye waya wa hedifoni nyingi! Ndani yake mna vikinza vidogo, vinavyozuia umeme kiasi: katika simu za Android, kuongeza sauti ni kikinza cha omu 240 na kupunguza ni omu 470. Simu inapima kikinza, inajua umebonyeza kipi. Kwa hiyo hedifoni yenye kitufe hicho, hata kama spika zake zimekufa, inaweza kuwa uzi wenu wa kuvutia. Vipo pia vibonyezo vidogo vya Bluetooth vinavyouzwa pamoja na vijiti vya selfi, navyo kwa kawaida hujifanya kitufe kilekile cha sauti. Na kama hamna chochote, wekeni simu ihesabu sekunde mbili kabla ya kupiga. Mnabonyeza, mnatoa mkono, mtikisiko unatulia, ndipo inapiga. Itawachelewesha, ila herufi zitasomeka.

Nimesisitiza kamera zote mbili zipige kwa pamoja. Si kwa ajili ya kuokoa muda tu, ingawa muda nao si haba: kitabu cha kurasa 200 kinafunguliwa mara 100 hivi, na mkitumia sekunde 10 kwa kila ufunguzi, mmemaliza kabla ya dakika 17 kwisha. Sababu kubwa ni mpangilio. Kamera ya kushoto, inayotazama ukurasa wa kulia, inakusanya kurasa 1, 3, 5, 7. Ya kulia inakusanya 2, 4, 6, 8. Baadaye kompyuta inazichanganya kama karata, moja kutoka huku, moja kutoka kule. Kamera moja ikikosa kupiga mara moja tu, labda imesinzia au betri imelegea, basi kuanzia hapo kila ukurasa utakaa mahali pa mwenzake hadi mwisho wa kitabu. Kwa hiyo kila mnapomaliza sura, simameni msome namba ya picha ya mwisho kwenye kamera zote mbili. Kama ziko sawa, endeleeni. Kama hazilingani, rudieni sura hiyo palepale, kabla kitabu hakijafungwa.

Mambo ya mwanga nitayapitia haraka. Zimeni flashi, kwa sababu itarudi kutoka kwenye kioo na kuacha doa jeupe katikati ya maneno. Taa ikae juu, katikati, usawa wa mgongo wa kitabu. Weka jicho lako mahali pa lenzi: ukiiona taa ndani ya kioo, kamera nayo itaiona, isogeze. Mchana wa Usevya una jua la kutosha, ila wingu likipita mwanga unabadilika, hivyo chumba chenye pazia na taa moja isiyobadilika ni bora. Zumu ikishawekwa isiguswe tena.

Anzeni na kitabu ambacho hakuna atakayekililia, hata kama ni kitabu cha risiti kilichokwisha. Mikono ijifunze mwendo wake: inua, fungua, shusha, piga. Mkishapata mdundo, ndipo mkaombe daftari la mzee.

Na kuomba ni lazima. Kitabu kinachouzwa dukani kina mwenyewe pia. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo skana yenu isiwe mashine ya kuwanyima waandishi riziki. Kazi yake halisi ni yale maandishi ambayo hakuna duka linaloyauza. Kule Lamu, Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Swaleh, una miswada ya Kiarabu iliyoandikwa na kunakiliwa kwa mkono na vizazi vya wanazuoni. Miswada hiyo ilipigwa picha za kidijitali palepale Lamu, katika mradi ulioshirikisha mtafiti Anne Bang, na nakala za picha zikahifadhiwa pia British Library huko London. Miswada yenyewe haikuondoka kwa wenyewe. Leo mwanafunzi aliye mbali anaifungua kwenye kompyuta bila kugusa karatasi, na Lamu bado ni yao.

Nanyi fanyeni hivyo. Pelekeni skana nyumbani kwa mzee badala ya kuondoka na daftari lake, akae kitini akitazama, awaambie ni ukurasa upi haufai kuonekana na watu. Picha wekeni mahali patatu: kadi moja shuleni, moja kwa jamaa aliyeko Mpanda mjini, na moja aachiwe mwenye daftari, pamoja na mjukuu wa nyumba hiyo aliyekwisha kuonyeshwa namna ya kuzifungua kwenye simu na kumsomea.